Kuvunja ungo mapema si uhuni, kuchelewa si kurogwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo tunalokutana nalo kila mara sisi walimu wa shule za msingi huku Lindi.

Muhula uliopita mtoto wa darasa la nne, mwenye miaka 10, aligoma kwenda ubaoni. Alikuwa amejifunga sweta kiunoni, na joto la huku linajulikana. Mwalimu mwenzangu alimsitiri kwa khanga akamrudisha kwao. Wiki haijaisha, mtaani wakawa wanasema ameshaanza wanaume. Mwaka huohuo bibi mmoja alikuja kumwombea ruhusa mjukuu wake wa darasa la saba, mwenye miaka 15, ampeleke kwa mganga. Binti hajavunja ungo, na bibi ana hakika kwamba amefungwa.

Watoto hawa wote wawili wamesingiziwa. Yule mdogo ni wa nyumba yenye duka: maziwa asubuhi, mayai, nyama, na akiumwa anawahishwa hospitali. Yule mkubwa amekulia ugali wa muhogo, mchana anashinda njaa, jioni anabeba ndoo, na malaria haimwachi kila masika. Ubongo hauanzishi safari ya hedhi mpaka mwili uwe na akiba. Mafuta ya mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, nayo huujulisha ubongo kwamba chakula kinatosha. Njaa, maradhi ya mara kwa mara na kazi nzito hula akiba hiyo. Damu ya ukoo nayo ina sehemu yake, kwani mama aliyewahi mara nyingi bintiye huwahi. Lakini damu haibadiliki kwa miaka mia, na hesabu zimebadilika sana. Norway ya karne ya 19 wasichana wengi walivunja ungo kwenye miaka 16 hivi. Leo ni kwenye miaka 13. Kilichobadilika kule ni chakula, maji safi na tiba. Na vita vya Bosnia vilipopamba moto miaka ya 1990, wasichana waliokuwa kwenye maeneo ya mapigano walichelewa.

Huku kwetu hali zote mbili zinakaa dawati moja. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na hao nao watafika darasani. Pembeni yao watakaa waliokuzwa kwa chipsi na soda, ambao unene unawawahisha zaidi.

Kinachonisumbua kuliko yote ni mila. Unyago ulizoea mwali aliyekaribia utu uzima. Leo tunamchezea ngoma mtoto wa miaka 11 na kumfundisha mambo ya mume, kwa kuwa tu ameona damu, wakati nyonga yake bado inakua na uzazi unaweza kumuua. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inaruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15. Mahakama Kuu ilivikataa vifungu hivyo 2016 na kutoa mwaka mmoja virekebishwe, Mahakama ya Rufani ikaikazia hukumu hiyo 2019, na miaka imepita.

Somo la hedhi lianze darasa la tatu, kwa wavulana pia, maana ndio wanaocheka. Taulo za kike ziwepo shuleni. Kodi yake ya VAT iliondolewa 2018 ikarudishwa 2019 kwa hoja kwamba bei madukani haikushuka. Basi halmashauri inunue na kuzigawa yenyewe, pamoja na uji wa mchana ambao shule nyingi hazina. Mzazi akiona matiti yanaota kabla ya miaka 8, au miaka 15 imetimia bila hedhi, ampeleke mtoto kituo cha afya.

Na makungwi, wale wanaowafunda wali unyagoni, tuwaite shuleni, tukae nao. Binti akitoka kwao hutuambia wazi kwamba neno la kungwi wake ni zito kuliko la mwalimu. Wamfundishe mtoto usafi na heshima ya mwili wake, ya ndoa wamwekee mpaka amalize masomo.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Lindi