Nimeliona lile shangingi lako

Dar es Salaam
Jumapili jioni

Baba Naima,

Mpe mama shikamoo yangu, na wanangu wote wasalimie. Sisi tupo, mvua tu ndiyo inatusumbua.

Nimeliona lile VX, Land Cruiser unalotaka kulinunua. Nikwambie kwanza, picha hazikukudanganya: linang'aa kama bwana harusi, tairi zimepakwa dawa nyeusi mpaka mkono unateleza. Ila zile tairi nilizisoma ubavuni. Imeandikwa 1216, yaani zimetengenezwa wiki ya 12 ya mwaka 2016. Ni mpira mkavu uliopakwa mafuta.

Tangu Ijumaa nilimwomba muuzaji asiliwashe kabla sijafika. Jana saa moja asubuhi niko kwake Mbezi na fundi wangu, naweka kiganja kwenye boneti: vuguvugu. Eti alilisogeza kumpisha mkewe atoke. Sikubishana naye. Tukanywa chai, tukaaga. Leo alfajiri nikampigia simu nikiwa nimeshasimama getini kwake.

Safari hii injini ilikuwa baridi kabisa. Alipowasha tu tukasikia tik-tik-tik upande wa kulia, kama saa ya ukutani. Ikaendelea dakika tatu hivi, kisha ikapotea taratibu jinsi injini ilivyopata moto. Fundi akanitazama, mimi nikatazama chini. Hiyo ni manifoldi ya ekzosi, chuma kinachokusanya moshi wa injini, imepasuka. Chuma kikipata joto kinatanuka, ufa unajiziba, kelele inakwisha. Ndiyo maana jana gari lilikuwa kimya kama msikiti. Ugonjwa wenyewe mafundi wanaujua sana kwenye hizi injini za V8 za lita 4.7 na hauui injini, ila kufungua bolti zilizokaa miaka zaidi ya ishirini ni kazi nyingine, zinakatikia ndani.

Kilichonitisha zaidi ni kidude cha plastiki kisichozidi kidole. Nyuma ya injini, pale mipira ya hita inapoingia kwenye ukuta wa kabini, kuna viungio viwili vya umbo la T. Tulimulika kwa simu. Kimoja kimegeuka rangi ya kahawia na kina ukoko mweupe kuzunguka, maji ya rejeta yalivuja yakakaukia pale. Ukikiminya kinavunjika kama biskuti. Bei yake si kitu. Lakini kikikatikia kati ya Segera na Chalinze, kwenye safari ya Lushoto, umepakia watu wanane, maji yanamwagika yote, na usipowahi kuzima unaipika injini nzima. Unaikumbuka Prado yangu ya injini ya dizeli, ile 1KZ? Niliinunua kwa rangi, hedi, kile kichwa cha injini, ikapasuka kwenye mlima Kitonga, tukalala pale pale na watoto. Mama Salma mpaka leo akisikia neno "Kitonga" ananiangalia vibaya.

Taiming belti, ule mkanda wa mbele ya injini, anasema ilibadilishwa. Lini? "Kuna fundi aliifanya." Risiti? Hana. Basi hesabu haijabadilishwa. Ukilichukua, kabla ya safari yoyote weka belti mpya, tensheni yake inayoikaza na pampu ya maji, maana pampu inazungushwa na belti hiyo hiyo, na fundi akishafungua hakulipishi mara mbili.

Dashibodi inasoma kilomita 148,000. Mimi simwiti mtu mwongo, ila mpira wa pedeli ya breki umelika mpaka chuma kinachungulia, na usukani umekuwa laini kama sabuni. Gari la mwaka 2001, lenye namba ya usajili ya herufi B, halikupata kuchakaa hivyo kwa kwenda kanisani.

Mazuri yapo pia. Chesesi tuliigonga kwa spana toka mbele mpaka nyuma, inalia chuma, haina kutu ya kutisha. Namba iliyochongwa karibu na tairi la mbele tuliifuta kwa tambara, inafanana na ya kwenye kadi. Giaboksi inaingia bila kushtuka, oili ni safi, AC ya nyuma inapuliza hasa.

Siti za mwisho nilikaa mwenyewe. Magoti yalinifika kidevuni. Watoto wataenea, lakini mama umkalishe katikati, pale nyuma hawezi. Na ukishazikunjua zile siti, mahali pa mabegi hakuna, mtafunga juu. Mkanda mmoja wa huko nyuma umekwama, hautoki. Nitamwambia aushughulikie kabla hatujalipa. Atakayekaa pale ni mwanao.

Mafuta unajua mwenyewe. Tangi ni lita 96, na mjini ukipata kilomita 6 kwa lita shukuru. Mimi nakwambia tu, usije ukanilaumu Lushoto.

Sasa kadi. Jina si lake. Anasema ni la shemeji yake yuko Dodoma. Huenda ni kweli, lakini hela haitoki mpaka huyo shemeji akae mbele yetu na kitambulisho, asaini mkataba, twende naye TRA. Faini za barabarani nitaziangalia mwenyewe.

Anataka milioni 35. Nimemtajia 29, nikamtajia na ile tik-tik-tik ya alfajiri. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Ameomba mpaka Alhamisi azungumze na shemeji. Nafikiri atashuka mpaka 31, na kwa 31 ningelichukua, matengenezo juu yetu. Zaidi ya hapo tuliache, kuna jingine la dizeli Tabata nataka kulichungulia.

Nipigie mimi kabla ya Alhamisi. Yeye usimpigie kabisa. Nakujua, utamwambia umelipenda.

Ni mimi nduguyo,
Baba Salma