Povu la bia ya ngano

Ndugu yangu,

Habari za Houston na joto lake? Picha ya dari nimeiona, jinsi mfuniko wa ndoo yako ya bia ya ngano ulivyoruka na povu likafika juu, pole sana. Bia usiimwage. Gesi inayotoka kwa nguvu namna hiyo hairuhusu uchafu kurudi ndani kirahisi. Futa mfuniko kwa dawa yako ya kuua vijidudu, toa kile kizibo cha hewa (kile kidude cha juu kinachotoa gesi bila kuingiza hewa) kilichoziba, weka mpira mpana wa kupitishia gesi mahali pake leo leo.

Hamira haina kosa. Umetia lita 20 kwenye ndoo ya lita 23, na ngano ina protini nyingi zinazoshikilia povu. Isitoshe, hamira za bia ya ngano ya Kijerumani hupenda kupanda juu. Povu likifika kwenye kizibo, mabaki ya hopsi, yale maua ya kutia bia uchungu, huziba kile kitundu, gesi inakosa njia, mfuniko unaruka. Afadhali mfuniko, maana chupa kubwa ya kioo ikizibwa hivyo inaweza kupasuka, na vioo vyake si mchezo. Mara nyingine tumia ndoo ya lita 30 kwa lita hizo hizo 20.

Mpira uwe na kipenyo cha ndani cha milimita 25 hivi. Ule mwembamba wa kunyonyea bia usiutumie, utaziba vilevile. Toboa mfuniko tundu la kuubana vizuri, kisha upande wa pili uzamishe sentimita 2 au 3 tu ndani ya jagi lenye maji ya dawa, jagi likae chini kuliko ndoo. Mpira usijikunje. Povu likianza kujaza jagi, mwaga, weka maji mapya.

Lakini mpira unaokoa dari tu. Bia yenyewe inaokolewa na ubaridi, na hapo ndipo ningependa uweke nguvu zako. Chumba chako kikiwa na nyuzi 26, ndani ya ndoo panaweza kufika 30, kwa sababu hamira ikifanya kazi hutoa joto lake yenyewe. Katika joto hilo bia hutoka na ukali wa spiriti unaochoma koo, na kuihifadhi muda mrefu hakuuondoi vizuri. Kwa hiyo mara nyingine poza maji ya kimea, yaani bia kabla haijachachuka, mpaka nyuzi 18 kabla ya kutia hamira. Usitie yakiwa 27 ukitegemea usiku utayapoza. Weka ndoo ndani ya beseni kubwa, maji yafike nusu yake, ivalishe fulana kuukuu ambayo pindo lake linagusa maji, elekeza feni hapo. Asubuhi na jioni badilisha chupa mbili za maji yaliyoganda. Kipimajoto kibandike ubavuni mwa ndoo, juu ya usawa wa maji ya beseni, ukifunike kwa kitambaa kilichokunjwa ili kisome bia, kisisome hewa. Siku 3 za kwanza shikilia 18 hadi 20, halafu acha ipande hadi 22 imalizie. Barafu usiijaze yote kwa mkupuo: hamira italala, na hewa ya ndani ikisinyaa itavuta maji ya jagi kuingia kwenye bia.

Ndoo itoe kabatini. Lita 20 za bia ya asilimia 5 hutoa karibu lita 400 za kaboni dayoksaidi. Dirisha liwe wazi, gesi hiyo isijikusanye chumbani.

Povu litashuka siku ya tatu hadi ya tano, na wengi hukimbilia kujaza chupa hapo. Subiri. Haidromita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha sukari iliyobaki kwenye bia, isome namba ileile siku 3 mfululizo, tuseme 1.012, ndipo utie sukari ya kuleta gesi chupani, gramu 7 kwa lita, yaani 140 kwa zote. Ukitangulia, chupa zinaweza kupasuka.

Nitumie kipimo cha kwanza cha haidromita ulichoandika kabla ya kutia hamira, nikukadirie inapaswa kuishia wapi.

Nisalimie shemeji na watoto.

Wako,
Rafiki yako wa siku zote