Mwimbaji wa harusini naye aandikwe kwenye bajeti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua za wasomaji nitoe jambo lililonikaa rohoni. Nauza mitumba soko la Kiboriloni hapa Moshi, na ninamlea binti wa marehemu kaka yangu. Ana miaka 19 na anaimba.

Alianzia kwaya ya vijana usharikani. Sokoni hutunga huku akipanga blauzi mezani. Anarudia mstari mmoja mpaka wateja wanaushika. Miezi miwili iliyopita kamati ya harusi moja ilimwita aimbe maharusi wakiingia ukumbini. Akatunga wimbo wenye majina ya bwana na bibi harusi na koo zote mbili. Akaenda studio ya chumba kimoja Pasua, akalipia biti, yaani mdundo wa wimbo, shilingi 50,000 alizozidunduliza mwenyewe. Na kamati walipatana 150,000, kwa mdomo tu.

Usiku ule nilisimama nyuma, karibu na meza ya ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma. Alipofika kwenye jina la ukoo wa bibi harusi, ukumbi mzima ulisimama. Akina mama wakatoka kumtunza, noti za elfu tano, za elfu kumi, wakambandika begani na kwenye paji la uso. Nyuma yake akaja dada wa itifaki, akawa anazibandua zile noti moja moja na kuzitia kwenye kapu la bibi harusi. Binti wangu aliona. Aliendelea kuimba bila kukosa hata pumzi moja.

Saa sita mweka hazina akamwita pembeni. Akamwambia vinywaji viliongezwa, kamati imezidiwa, ila ashukuru kwa kuwa watu wengi wamemjua. Akampa 20,000 na pilau kwenye foili. MC alikuwa ameshalipwa nusu wiki moja kabla, na nusu iliyobaki alipewa kabla hajashika maiki.

Mhariri, sina ujasiri wa kumsema mweka hazina yule peke yake, kwa sababu na mimi nimewahi kushika kazi hiyo. Ilikuwa mwaka 2019, harusi ya mtoto wa jirani. Daftari bado ninalo. Ukumbi, chakula, mapambo, MC, muziki, video, gari la maharusi, ndafu, na chini kabisa: "kijana wa kuimba 80,000". Michango haikutimia. Nikachukua kalamu nyekundu nikaukata mstari huo, juu yake nikaandika "nauli 10,000". Sikugusa ndafu wala mapambo. Kijana yule wa Njoro alipokea kwa mikono miwili na kuniambia asante mama. Siku hizi anaendesha bajaji, na tukipishana barabarani bado ananiamkia.

Watu wa Moshi tunajivunia kwamba mwimbaji Nandy ni mzaliwa wa hapa. Mwaka 2017 alipotwaa tuzo ya AFRIMA, zile tuzo za muziki wa Afrika, ya msanii bora wa kike wa Afrika Mashariki, tulishangilia kama tuliomlipia ada. Lakini alikopikwa ni THT, yaani Tanzania House of Talent, Dar es Salaam, mahali ambapo kijana alifundishwa sauti na kusimama jukwaani. Kijana wetu anayebaki hapa chuo chake ni kwaya, studio ya uchochoroni na harusi. Kwaya ni huduma, hailipi, na haipaswi kulipa. Studio ndiyo inayodai. Kinachobaki ni harusi, na huko ndiko tunakomnyima. Halafu magazeti, na lenu limo, mnaandika kwamba msanii fulani "ameibuka", kama uyoga.

Tena mpiga video ameiweka harusi ile YouTube. Wimbo wa binti unasikika mwanzo hadi mwisho, majina yaliyoandikwa ni ya mpiga video na MC. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki yake tangu anapotunga, ikiwemo ya kutajwa jina. Nimemwambia apeleke nyimbo zake COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, zisajiliwe, ili siku ya kubishana awe na karatasi mkononi.

Ninachoomba kwa kamati zetu ni hiki: mwimbaji awekwe kwenye bajeti kwa kiasi mlichopatana naye, nusu yake apewe mapema kama MC, na noti anazotunzwa ziwe zake, kwa maana aliyetunzwa ni yeye. Hela ikipungua, punguzeni maua mezani. Na sisi wazazi tusiwaachie watoto waende peke yao kwenye vikao vya watu wazima. Mimi nilimwachia, nikasema ni mambo ya vijana.

Mwezi ujao anaimba harusi upande wa Rau. Kikao cha kwanza nimekwenda naye, na nusu ya hela tumeipokea mbele ya mwenyekiti, imeandikwa.

Yule kijana wa Njoro nilimsimamisha Jumapili nikampa 30,000. Akaniuliza ni za nini. Nilipomwambia alizima bajaji, akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama bado naukumbuka ule wimbo. Bado naidai nafsi yangu mwenyewe 40,000 zake.

Shangazi mtu,
Kiboriloni, Moshi