Daktari atuulize kuhusu mitishamba bila kutukaripia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kila mtu analijua kwenye mabenchi ya kliniki za saratani, lakini likifika mlangoni kwa daktari linanyamaziwa, nalo ni dawa za asili ambazo wagonjwa wanazinywa huku wakiendelea na matibabu ya hospitali.

Mwaka juzi nilimuuguza shangazi yangu aliyekuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Alikuwa akipigwa mionzi, na mara moja kwa wiki akitundikiwa dripu ya sisplatini, dawa ya saratani. Wiki ya tatu vipimo vya damu vilionyesha kuwa figo zimeanza kuzidiwa, dripu ikasimamishwa, na daktari akamuuliza kama kuna kitu kingine anachotumia. Akajibu hapana. Kumbe uvunguni mwa kitanda, katika nyumba tuliyofikia, kulikuwa na kidumu cha lita tano cha magome yaliyochemshwa, naye alikuwa akinywa kikombe asubuhi na kikombe jioni. Sidai kwamba magome yale ndiyo yaliyoziumiza figo, kwa kuwa sisplatini yenyewe inajulikana kwa kuzielemea. Ninachosema ni kwamba daktari aliamua gizani. Nilipomuuliza shangazi kwa nini alificha, alisema siku ya kwanza alimwona mama mwenzake akikiri kuwa anakunywa mitishamba, na muuguzi akamkaripia mbele ya watu.

Tusijidanganye kwamba hili ni la wasiosoma. Mwaka 2011 walioipanga foleni ya Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa ya asili cha shilingi 500 walikuwamo wenye shahada na wenye vyeo. Wala serikali haijaikataa tiba asili: ipo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, lipo Baraza lake, na Muhimbili kuna taasisi nzima inayoitafiti. Hata vinkristini, dawa wanayopewa watoto wenye saratani ya damu, asili yake ni lile ua la Madagaska linalopandwa kama pambo katika nyua zetu. Tofauti ni kwamba hospitalini hupimwa kwa miligramu, ikiwa imesafishwa, wakati kidumu cha shangazi hakuna ajuaye kilikuwa na nini na kiasi gani.

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, uliochapishwa mwaka 2018, ambao naona hautajwi inavyostahili. Wagonjwa waliochanganya tiba mbadala na angalau tiba moja ya hospitali walikuwa na hatari ya kufa mara mbili ya wenzao waliotumia tiba ya hospitali pekee. Lakini watafiti walipozingatia kwamba wengi katika kundi hilo walikataa sehemu ya matibabu, kama vile upasuaji, mionzi au dawa za dripu, tofauti ile ilitoweka. Kwa maneno mengine, hatari kubwa iliyoonekana pale ilitokana na kile ambacho mgonjwa alikiacha. Na mgonjwa anayekaripiwa ndiye wa kwanza kuacha, maana kwa mganga hupokewa kwa heshima, huulizwa habari za nyumbani na hupewa kiti.

Ndiyo maana napendekeza swali la mitishamba liwe la lazima katika faili la kila mgonjwa wa saratani, liulizwe kwa upole na lirudiwe kila anapokuja: unakunywa nini, jina lake ni lipi, tangu lini, na je, unaweza kutuletea chupa tuione? Ikiwa ni chai ya tangawizi ya kutuliza kichefuchefu, aambiwe kama haina neno. Ikiwa ni kitu kinachoelemea ini au figo, aelezwe sababu. Ukali ninauona unawafaa zaidi waganga wanaomwambia mtu aache mionzi katikati, na hao Baraza liwafutie usajili pasipo kuoneana haya.

Shangazi alimaliza mionzi yake, na mwezi uliopita nilimsindikiza tena kliniki. Fomu aliyojaza ilikuwa na nafasi ya dini yake, kazi yake na namba ya simu ya ndugu wa karibu. Kidumu hakikuulizwa.

Msomaji wako,
Morogoro