Zotero: maandalizi ya kikao cha Jumamosi

Habari za jioni wanakikundi. Kufikia Jumamosi kila mmoja awe ameweka Zotero, programu ya kutunza na kupanga rejea, kwenye kompyuta, pamoja na kiunganishi chake cha kivinjari. Vyote ni bure, ila hifadhi ya bure ya mtandaoni ni MB 300 tu. PDF huijaza upesi. Rejea zenyewe hazihesabiwi.

Msichape rejea kwa mkono. Bofya alama ya kijiti juu ya orodha, bandika DOI (namba ya utambulisho wa makala, huanza na 10.) au ISBN ya kitabu, bonyeza Enter. Kisha kagua, maana hapa ndipo wengi hujikwaa: kichwa kizima huja kwa herufi kubwa, mwaka hukosekana, na Shirika la Afya Duniani hugeuzwa mtu wa ukoo wa "Duniani". Kwa taasisi, badili sehemu ya mwandishi iwe na kisanduku kimoja.

Kwenye Word, usirekebishe orodha ya marejeo moja kwa moja. Ukibonyeza Refresh kwenye kichupo cha Zotero, marekebisho yako yanafutika. Sahihisha ndani ya Zotero. Kabla ya kubonyeza Unlink Citations, tunza nakala ya faili. Baada ya hapo manukuu hubaki maandishi ya kawaida tu.

Aliyekwama kusakinisha aandike hapa, aambatishe picha ya skrini.