Mkrioli anayetafuta asili yake asipewe kijiji cha kubahatisha

Ndugu Mhariri,

Mkrioli, yaani mzao wa watumwa waliopelekwa visiwa vya Mauritius, Réunion au Ushelisheli, akifika Kilwa, Lindi au Mtwara na karatasi inayosema babu yake alitoka "Mozambique", ni rahisi kumwonyesha kijiji na kumwambia kwenu ni hapa. Tunawaomba wasomaji wasifanye hivyo. Mababu wa watu hawa walinyang'anywa hata majina. Kuwapa asili ya kubuni ni kuwadhulumu mara ya pili.

Makarani wa Kifaransa waliandika "Mozambique" kwa karibu kila mtu aliyepakiwa melini katika pwani hii, awe ametokea Ibo (kisiwa cha kaskazini mwa Msumbiji), Kilwa au Unguja. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Morice, aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kwa mwaka, na wengi waliopitia bandari hiyo walitembezwa kwa miguu kutoka bara, wengine kutoka mbali hadi pande za Ziwa Nyasa. Bandari ilikuwa njia tu.

Utafutaji huanza kwa walio hai na kurudi nyuma. Cheti cha ndoa kitangulie, kwa kuwa hutaja wazazi wa pande zote mbili. Cha kifo hutegemea alichojua mtu aliyepeleka taarifa. Vitabu vya Réunion vya vizazi, ndoa na vifo vinasomwa bure kwenye mtandao wa nyaraka za ng'ambo za Ufaransa, zilizoko Aix-en-Provence. Vya miaka ya Mapinduzi ya Ufaransa vina kalenda yake: mwaka wa II ulianza 22 Septemba 1793.

Ugumu unaanza unapofika mwaka wa uhuru, yaani 1 Februari 1835 kwa Mauritius na Ushelisheli, na 20 Desemba 1848 kwa Réunion. Nyuma ya hapo, kwa kawaida mtumwa ana jina moja tu. Madaftari ya Réunion ya 1848 yanaonyesha jina la ukoo alilopewa mtu na, mara nyingi, namba aliyoandikishwa nayo utumwani. Nakili namba hiyo. Madaftari ya watumwa wa Mauritius na Ushelisheli yako katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, fungu T 71, na yamepangwa kwa majina ya mabwana. Usipomjua bwana utapekua bila mwisho. Basi angalia waliowekwa huru waliishi wilaya gani, kisha linganisha na wenye mashamba wa huko walioomba fidia (maana waliolipwa ni mabwana), pamoja na hati za manotari za mauzo na mirathi.

Hapo watu wengi hukosea. Wakina Figaro na Lundi wamejaa kila ukurasa, kwa hiyo jina peke yake si ushahidi. Linganisha umri, kimo na mama. Umri wenyewe ulikisiwa. Tena, biashara ya watumwa iliendelea kwa siri Mauritius baada ya Waingereza kuitwaa mwaka 1810, na waliofichwa wakati mwingine walipewa majina ya watumwa waliokufa. Ndiyo sababu mtu aliyeandikwa kuwa alizaliwa kisiwani huenda alizaliwa huku kwetu.

Walioshushwa Ushelisheli na manowari za Kiingereza kuanzia 1861, baada ya kukutwa kwenye majahazi ya watumwa, wasitafutwe katika T 71 kabisa. Hao waanziwe kwenye Nyaraka za Taifa za Ushelisheli, huko Victoria.

Kipimo cha vinasaba kinaweza kumkutanisha mtu na binamu aliye hai, lakini hakitaji kijiji.

Wasomaji wa kusini wana msaada ambao haupatikani London wala Aix. Daftari zuri hutaja kabila kwa matamshi ya karani: Macoua ni Wamakua, Mondjavoa ni Wayao, Yambane ni watu wa Inhambane, kusini mwa Msumbiji. Pia lina safu ya alama za mwilini, na humo chale zimeelezwa. Mgeni akija, mwombeni picha ya ukurasa mzima wa daftari, si jina la ukoo peke yake, kisha wasomeeni safu hiyo wazee wa Kimakua, Kimakonde na Kiyao wanaozijua chale za zamani. Wakisema hawazitambui, mwambieni hivyo hivyo.

Wasomaji wako,
Mtwara