Barua kutoka ukingo wa pili

Broome, Australia Magharibi
Agosti, usiku

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako binti yetu aliipiga picha akatutumia tukiwa Carnarvon, nami nimeshaisoma mara nne. Uliuliza, "Watu wazima wenye nyumba ya matofali, mnalala kwenye behewa kando ya barabara, mnatafuta nini?" Nilichelewa kukujibu kwa sababu jibu sikuwa nalo. Sasa ninalo, ila ni refu. Vaa miwani yako, ukae.

Kwanza nikueleze chombo chenyewe. Karavani yetu ni chumba kimoja cha futi kumi na sita chenye magurudumu mawili, kinakokotwa nyuma ya gari. Ndani mna kitanda, jiko la gesi, friji ndogo, na choo ambacho sanduku lake unalichomoa na kwenda kumwaga mahali palipotengwa. Matangi ya maji yako chini ya sakafu, umeme tunaupata kwa sola iliyo juu ya paa. Tuliinunua kwa mtu, imekwisha kutumika. Na usidhani tuko peke yetu. Wastaafu wa nchi hii wanaingia barabarani wawili wawili, mume na mke, hata wenyeji wamewapa jina la wahamaji wenye mvi. Baridi ya kusini ikianza, Mei au Juni, wanapanda kaskazini kufuata joto, na wanarudi kabla mvua na vimbunga havijaanza mwishoni mwa mwaka.

Lakini wewe uliuliza tunatafuta nini. Nianze na mzee.

Tangu aache kazi ya kuchomelea vyuma, mume wangu alinyamaza. Hakuwa na ugomvi wala ugonjwa. Aliamka, akaswali, akanywa chai, akakaa kwenye kiti cha barazani mpaka adhuhuri. Ukimsemesha anajibu neno moja. Mimi nimelea wazee wa watu miaka mingi katika kazi yangu, nauelewa ukimya wa namna ile na mahali unapompeleka mtu. Nilikuwa nikilia jikoni asinione. Unamjua wewe, mtoto wa Tongoni huko kwetu Tanga, baba yake mvuvi, amekulia ndani ya mashua. Miaka ishirini na saba tumekaa Perth, mji ulio juu ya bahari, na sikumbuki kama alikanyaga mchanga mara kumi. Nilipomwuliza sababu, alisema, "Bahari gani hii, jua linazama ndani yake?" Kwao bahari ndiyo inayotoa jua asubuhi. Ya huku aliiona imegeuzwa.

Wazo la karavani lilikuwa la binti yetu. Mzee alikubali, nadhani, ili asibishane.

Siku ya pili ya safari, tumeshapita Geraldton, lori lenye tela tatu lilitupita kwa kasi. Upepo wake ukaisukuma karavani, ikaanza kuyumba kulia na kushoto, na gari nalo likawa linafuata. Nilipiga shahada kwa sauti. Mzee hakukanyaga breki. Aliondoa mguu kwenye mafuta taratibu, mkono wa kushoto ukabonyeza kitufe kinachofunga breki za karavani peke yake, ikanyooka, ikatulia. Tulipoegesha miguu yangu haikuwa na nguvu. Kosa lilikuwa langu: mchele, unga, makopo ya tui na sufuria zote nzito nilizipanga nyuma kabisa. Mzigo mzito unatakiwa ukae juu ya ekseli au mbele yake kidogo, ili kama sehemu ya kumi ya uzito wote ilalie ndoana ya gari. Ukiuweka nyuma, pua ya karavani inainuka na mkia ndio unaoamua njia.

Tukashusha kila kitu pale vumbini. Mzee akawa anapanga upya, na katikati ya kupanga, amebeba gunia la mchele, akasema, "Farumi. Baba alikuwa akipanga mawe ya farumi hivi hivi, chombo kitulie." Kisha akaendelea. Akanieleza mashua ya baba yake, jina lake, rangi yake, siku ilipojaa maji karibu na mwamba na jinsi walivyoiokoa. Somo, tumeoana miaka arobaini na moja na hadithi ile sijapata kuisikia. Alizungumza saa nzima, amesimama kando ya barabara kuu, na malori yanapita. Sikuthubutu hata kumpa maji ya kunywa, nisije nikamkatiza.

Tangu siku ile karavani haikuwa gari tena kwake. Ni chombo. Asubuhi anaizunguka kama nahodha, anashika minyororo, anapiga matairi kwa kiganja, anatazama upepo. Redio ya mawasiliano iko wazi chaneli 40, ambayo madereva wa malori ndiyo yao, na lori likija nyuma yeye hulisemesha mwenyewe, analiambia lini njia ni nyeupe lipite. Saa kumi alasiri tunatia nanga, tumefika tusifike, kwa sababu jua likishuka kangaruu na ng'ombe wanatoka barabarani, na huku mashamba mengi ya mifugo hayana ua.

Sitakueleza kila mji. Denham niliipenda kwa jambo moja: kuna ufuo karibu na pale ambao si mchanga, ni makombe ya baharini madogo meupe matupu, yamerundikana kwenda chini mita kadhaa, na zamani waliyakata kama matofali. Kanisa lao limejengwa kwa makombe hayo. Mzee aliupapasa ule ukuta akaukumbuka msikiti wa magofu ya Tongoni na mawe yake ya matumbawe. Carnarvon nako kuna mto Gascoyne, mkubwa kwenye ramani, lakini ukifika unakuta mchanga mtupu. Maji yanapita chini ya mchanga, wanayavuta kwa pampu, na kando yake ni migomba mpaka macho yanachoka. Migomba, somo! Nilinunua vichane viwili nikapika ndizi za nazi jioni ile ile, na jirani zetu wa kambini, mke na mume kutoka Victoria, walikuja na sahani zao bila kuitwa.

Ningaloo tulikaa siku kumi na mbili. Matumbawe ya kule yako karibu na pwani kiasi kwamba unaingia kwa miguu, ukiinamisha uso majini unawaona samaki. Papa potwe hupita pale kuanzia Machi mpaka Julai, yule yule anayeonekana Mafia wakati wa kaskazi. Sehemu nyingine ni marufuku kuvua, na ni haki. Mahali panaporuhusiwa mzee alirusha mshipi kutoka ufukweni akamtoa changu. Hakumfananisha na changu, alikuwa changu mwenyewe, mwenye madoa ya samawati. Alimshika mikononi muda mrefu. Nilimpaka nazi tukamla kwa mikono, nje, upepo wa usiku unapita. Akasema, "Basi kumbe ni moja." Sikumwuliza ni nini kilicho kimoja.

Baada ya hapo ni jangwa. Karibu na Port Hedland utakuta treni za madini ya chuma zenye urefu wa zaidi ya kilomita 2, unasimama kwenye kivuko unahesabu mabehewa mpaka unaacha. Kisha kilomita kama 600 mpaka Broome, udongo mwekundu mkono wa kulia, na bahari iliyojificha mkono wa kushoto.

Na hapa Broome ndipo penye jibu lako.

Bamvua la hapa linafika karibu mita 10. Kwetu Tanga likifika mita 4 watu wanasema bahari imejaa. Asubuhi ya kwanza tulisimama ukingoni mwa ghuba ya Roebuck, maji yamekupwa, tope na mikoko mpaka upeo wa macho. Harufu ile ya mikoko, unaijua. Mzee alitazama mwezi wa mchana, akahesabu kwa vidole, akasema maji yatarudi baada ya saa ngapi na yatakoma wapi. Yakarudi alivyosema. Mzee mmoja mwenyeji wa hapa, kabila lake Yawuru, alikuwa pale na wavu wake, akamsikia, wakaanza kuzungumza. Walikaa mpaka adhuhuri. Kila siku sasa anakwenda. Mtu aliyekuwa akinijibu neno moja, somo, anarudi kutoka pwani koo limekauka kwa maneno.

Mwezi ulipotimia tulikwenda kuutazama ukitoka juu ya ghuba ile. Maji yakiwa yamekupwa, madimbwi yaliyobaki juu ya tope yanashika mwanga kwa mistari, unaona ngazi ya dhahabu inapanda kutoka miguuni pako mpaka mwezini. Watu mamia walikuwa kimya.

Si kila kitu hapa ni kizuri, nisikudanganye. Mji huu ulijengwa kwa chaza, makombe ya lulu waliyopeleka Ulaya na Marekani kutengenezea vifungo vya nguo. Kabla ya mavazi ya wazamiaji kuja, waliozamishwa ni wenyeji wenyewe, wake kwa waume, wengi walikamatwa kwa nguvu, hata mwaka 1871 ikabidi itungwe sheria ya kukataza wanawake wasitumiwe. Baadaye wakaletwa Wajapani, Wamalai na wengineo. Makaburi ya Wajapani yako hapa, zaidi ya watu 900, waliouawa na vimbunga na ule ugonjwa wa kupanda haraka kutoka kina kirefu. Nilizunguka kati ya mawe yale nikamwombea kila mtu aliyefia mbali na mama yake.

Kisha tukaenda Derby, kilomita kama 220. Tumekwenda mwendo wa saa mbili hivi, mzee akapunguza mwendo, akaegesha, akazima gari, akashuka bila kusema. Nikatazama. Mibuyu. Umenielewa? Mibuyu, mmoja, miwili, halafu mingi, matumbo makubwa, matawi makavu kama mizizi, vile vile inavyosimama kwetu wakati wa kiangazi. Ni mibuyu ya aina yake, duniani kote inaota kaskazini magharibi ya nchi hii tu, lakini ni ndugu wa wetu. Utafiti wa jeni uliotolewa mwaka 2024 unasema chimbuko la mibuyu yote ni Madagaska, tawi moja likafika Afrika na jingine likavuka bahari mpaka huku. Tunda lake ni dogo kuliko letu, ganda jembamba, ndani mna ubuyu mweupe mkavu. Niliufyonza. Kwa ulimi wangu ukali umepungua, lakini ni ubuyu.

Nje ya Derby kuna mmoja mkubwa sana, wamezungushia ua. Husimuliwa kwamba wafungwa weusi walilazwa ndani ya tumbo lake. Watafiti wameandika kwamba ushahidi wa hilo haupo. Lakini kwamba watu walipitishwa nchi hii wamefungwa minyororo shingoni, hilo lina picha zake. Sisi watu wa pwani, tuliokua tukisikia habari za Bagamoyo na Pangani, hatuwezi kuutazama mti ule kama watalii. Tulisoma Fatiha mbali kidogo na ua, tukaondoka.

Jioni mzee alinieleza jambo jingine. Mwaka 1944, wakati wa vita, mwanajeshi wa Australia aitwaye Maurie Isenberg aliokota sarafu kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, mbali na hapa, mashariki zaidi ya Darwin. Tano kati ya hizo zilikuwa za masultani wa Kilwa. Kilwa yetu. Zilifikaje, mpaka leo wataalamu wanabishana. Mzee habishani. Anasema upepo unaotoka bara la huku wakati huu ukienda baharini, ndio kusi inayowafikia nyinyi, na aliyepotea njia ana bahari ya kumrudisha au kumleta.

Basi hilo ndilo jibu, somo. Mimi nilikuwa natafuta mume wangu azungumze. Yeye alikuwa akitafuta bahari yake, na ilikuwa hapa hapa mlangoni miaka ishirini na saba, ameipa mgongo. Sasa tumerudi Broome, tunaswali Magharibi ufukweni. Kwetu Tanga kibla ni kaskazini. Hapa kimeangukia juu ya bahari, magharibi ikipanda kidogo kaskazini, kwa hiyo tukisimama tunaelekea maji, na nyinyi mko upande huo huo, kushoto kidogo. Jua la hapa linazama saa kumi na mbili kasorobo. Kwenu ni saa saba kasorobo mchana. Mzee halalamiki tena kwamba linazama baharini. Anasema, "Limewafikia utosini. Wanakula."

Nina ombi moja. Kabla hatujaondoka Derby tulichagua mbuyu usio na ua, kando ya barabara, tukaupima kwa kanga yangu, mimi nashika pembe moja na yeye nyingine. Ulitoka kanga saba na kiganja. Mzee ameshika neno kwamba ule mbuyu wa nyuma ya nyumba ya marehemu baba yake ni mkubwa kuliko huu. Tafadhali, ukipata nafasi ya kwenda Tongoni, chukua mtoto mmoja akusaidie, uupime kwa kanga, kwa urefu wake siyo upana, uniandikie. Anasubiri jibu, ananiuliza kila siku kama umeandika.

Wasalimie wote wa nyumbani.

Ni mimi, somo yako